James Van Allen na ile zero ambayo haikuwa zero

Mu biro ya sendika yetu, hapa Likasi, juu ya kabati ya karatasi kuko chombo kimoja cha Geiger. Ni cha zamani, rangi imetoka, mkanda wa kukibeba ulikatika siku nyingi. Mgeni akiingia, macho yake yanaenda pale mbele hata ya kutusalimia. Tunamweleza kama ni chombo cha kuhesabu mionzi, ile kitu inatoka ku mawe ya Shinkolobwe bila harufu, bila moshi, bila joto. Anatikisa kichwa, na maneno yanaisha pale.

Watu wachache wanajua kama chombo cha namna hiyo, kidogo kuliko chetu, njo kilipandishwa juu ya dunia mwaka wa 1958 na kuonyesha jambo ambalo wanasayansi wote hawakulitazamia. Mtu aliyekitia mule aliitwa James Van Allen. Alikufa mwaka wa 2006, na watoto wengi wanaosoma leo walikuwa bado kuzaliwa. Tunasimulia maisha yake juu tumeona mule ndani jambo moja linalogusa mfanyakazi wa mgodi na mke wake na watoto wake, hata kama yeye mwenyewe hakuwa mtu wa migodi.

Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1914 mu mji mdogo wa Mount Pleasant, jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Kule ni inchi ya mahindi. Mtu wa kwetu angefika angesema ni inchi ya bukari. Baba yake alikuwa avoka. Nyumbani walikuwa watoto wanne, wote wanaume, yeye alikuwa wa pili. Tangu utoto alipenda kufungua vyombo ili kuona ndani mwake kuko nini, na hakuvifunga siku zote sawa vile alivyovikuta. Siku moja alijitengenezea masini ya kutoa cheche kubwa za umeme, ile wanaita koili ya Tesla, akasimama karibu nayo mpaka nywele zake zikanyooka juu kichwani. Mama yake alipoingia na kuona vile, alishikwa na woga mkubwa. Ba mama wa Likasi wenye watoto wanaochezea waya za umeme watamfahamu vizuri.

Masomo ya juu alianzia mulemule mu mji wake, mu koleji ya Iowa Wesleyan. Pale alipata mwalimu mmoja, Thomas Poulter, ambaye alimwonyesha kama sayansi ni kazi ya mikono vilevile: kukata chuma, kuunga waya, kupima, kupima tena. Poulter alichaguliwa kuwa mkubwa wa wanasayansi mu safari ya pili ya Admiral Byrd ku Ncha ya Kusini. Kijana Van Allen alisaidia kutayarisha vyombo vya safari ile, na alitaka kabisa kwenda. Wazazi walikataa. Basi alibaki kwao, akazunguka mashamba ya mahindi na chombo cha kuazima akipima nguvu ya sumaku ya dunia, fasi kwa fasi. Wenye kufanya kazi na wajiolojia wanajua: sindano ya dira inaangalia kaskazini juu dunia yenyewe iko sawa vile sumaku moja kubwa. Kijana akipima sumaku ya dunia mu mahindi hakujua kama ile kazi ingemfuata maisha yote.

Alipata doktora mwaka wa 1939 ku Université ya Iowa, mu mambo ya kiini cha atome, kisha akaenda kufanya kazi Washington. Halafu vita ikaanza. Walimpa kazi ya kutengeneza fizi mpya ya kombora: radio ndogo kabisa ndani ya kichwa cha kombora, yenye kusikia kama ndege ya adui iko karibu na kulipusha bila kungoja kugonga. Shida ilikuwa taa za radio za wakati ule. Zilikuwa za kioo, na kombora likitoka mu mzinga linasukumwa kwa nguvu ya kuvunja kila kitu. Van Allen njo mmoja wa wale walioweza kuzifanya ngumu. Mwaka wa 1942 alivalishwa nguo ya ofisa wa Marine ya Marekani, akapelekwa mu Bahari ya Pasifiki kufundisha askari wa meli namna ya kuzitumia. Pale alijifunza kitu kimoja ambacho kilimsaidia sana nyuma: namna ya kufanya chombo chepesi, cha kioo na waya, kistahimili kutupwa sawa vile risasi.

Tuseme kidogo huku kwetu kulikuwa namna gani mu miaka ileile. Mwaka wa 1940 uraniumu ya Shinkolobwe, zaidi ya tani elfu moja, ilisafirishwa mpaka New York na kuwekwa pale. Mu Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara na posho, na kule Élisabethville askari walipiga risasi mu watu. Mwaka wa 1945 bomu lilianguka Hiroshima, na uraniumu yake nyingi ilitoka ku mgodi ule ulio hapa karibu na sisi. Ba babu zetu walibeba jiwe lile mu mifuko bila mtu kuwapimia kitu. Mu vitabu vya maisha ya Van Allen mambo haya hayamo, na hatumlaumu, hayakuwa yake. Lakini msomaji wa Likasi akisikia mwaka wa 1945 hawezi kuuruka tu.

Mwaka ule wa 1945 alioa. Hata ile ilikuja kwa ajali: gari lake na gari la mwanamuke mmoja, Abigail Halsey, yaligusana barabarani. Hakuna aliyeumia. Kutoka mu ugomvi wa gari walifika mu ndoa, na wakazaa watoto watano.

Vita ilipoisha, Wamarekani walileta kwao roketi za Wajeremani, zile V-2, wakaanza kuzirusha mu jangwa la New Mexico. Van Allen aliomba wampe nafasi mu kichwa cha roketi, fasi ya baruti, aweke vyombo vyake vya Geiger ili apime mionzi inayotoka mbali mu mbingu. Mwaka wa 1951 alirudi Iowa kuwa mkubwa wa idara ya fizikia, na pale matata ya pesa yakaanza. Roketi kubwa ni bei kubwa. Yeye na wanafunzi wake walifanya nini? Walichukua baluni kubwa ya plastiki, wakafunga chini yake roketi ndogo ya bei ndogo. Baluni inapandisha roketi polepole mpaka kule juu ambako hewa ni kidogo, kisha roketi inawaka na kwenda mbali, juu hakuna tena hewa nyingi ya kuizuia. Waliianza mwaka wa 1952 mu meli moja karibu na Greenland. Kwa maoni yetu hii njo ilikuwa akili yake kubwa kupita zote. Fundi wa atelye asiye na kipande cha kubadilisha anajua furaha ya namna ile.

Mwaka wa 1953 moja ya roketi zile ilikuta mionzi mingi isiyotazamiwa, kule upande wa kaskazini ambako usiku mbingu inawaka rangi ya kijani na nyekundu. Huku kwetu hatuioni ile nuru. Likasi iko mbali na ncha za dunia. Van Allen alianza kufikiri kama kuko chembe zenye umeme zinazoshuka kutoka juu. Zilitoka wapi, hakujua bado.

Mu Aprili 1950, mu nyumba yake karibu na Washington, wanasayansi wachache walikuwa wamekula pamoja usiku mmoja, na mu mazungumzo yale yalizaliwa mawazo ya kuchagua muda mmoja ambapo inchi nyingi zingepima dunia kwa pamoja. Muda ule ulifika 1957 na 1958. Warusi walitangulia: tarehe 4 Oktoba 1957 Sputnik ilipanda. Van Allen hata hakuwa kwao. Alikuwa mu meli, mu Bahari ya Pasifiki, na roketi zake za baluni. Marekani ilipata haya na haraka pamoja. Chombo chake kilikuwa kimekwisha kutengenezwa namna ya kuingia mu roketi zaidi ya moja, juu alijua wakubwa wanaweza kubadilisha mawazo. Tarehe 31 Januari 1958 satelite Explorer 1 iliruka kutoka Cape Canaveral. Uzito wake ulikuwa kilo 14 hivi, chini ya mfuko mmoja wa unga wa kilo 25. Ndani mwake mlikuwa chombo kimoja cha Geiger. Kuko picha ya usiku ule inayojulikana dunia nzima: watu watatu wamenyanyua mfano wa satelite juu ya vichwa, na Van Allen njo yule wa katikati.

Sasa tufike mu jambo lenyewe.

Explorer 1 haikuwa na chombo cha kuhifadhi hesabu. Ilitangaza tu, na mu steshoni za chini waliisikia kwa dakika chache kila mara ilipopita. Ilipokuwa chini chini, hesabu ilikuwa sawa vile walivyotazamia, karibu mara 30 kwa sekunde. Lakini mara zingine, ikipita juu sana upande wa Amerika ya Kusini, hesabu ilikuwa zero. Si kidogo: zero kabisa. Dakika nzima bila alama moja. Kisha ikishuka, hesabu inarudi sawasawa.

Mtu mvivu angesema kule juu hakuna mionzi. Mwingine angesema chombo kimekufa. Lakini chombo kilichokufa hakifufuki kila mara kinaposhuka, na mionzi ya mbali haiwezi kukosekana fasi moja tu. Van Allen na wanafunzi wake waliweka neno lile mu mashaka, wakangoja. Explorer 2 ilianguka. Explorer 3 ilipanda tarehe 26 Machi 1958, na safari hii George Ludwig, mwanafunzi wake, alikuwa ametia ndani chombo kidogo cha utepe chenye kuhifadhi hesabu za mzunguko mzima. Van Allen alienda mwenyewe Washington kuchukua hesabu za kwanza. Alinunua karatasi ya mistari na rula mu duka, akajifungia mu chumba cha hoteli, akachora nukta moja moja mpaka karibu saa tisa ya usiku. Kile kilichoonekana: hesabu inapanda, inapanda, inafika ku mwisho wa uwezo wa chombo, kisha inaanguka zero. Inakaa zero muda mrefu. Kisha inaruka tena juu kabisa, na kushuka polepole mpaka hesabu ya kawaida.

Mwanafunzi mwingine, Carl McIlwain, alikuwa amechukua chombo cha namna ileile na kukiweka mbele ya masini ya eks-rei. Mionzi ikiwa kidogo, kinahesabu vizuri. Ukiongeza, kinahesabu zaidi. Ukiongeza sana, kinanyamaza.

Ili mfahamu juu ya nini kinanyamaza, fikirini karani wa kuandika majina ku mlango wa kiwanda wakati wa kubadilisha posti. Wafanyakazi wakipita mmoja mmoja, anaandika wote. Wakija kumi pamoja, anakimbizana na kalamu, anaacha wengine. Sasa watu elfu moja wasukume mlango kwa mara moja: hata jina moja hawezi kumaliza, na jioni karatasi yake ni nyeupe. Shefu mu biro, ambaye hakuwa pale, anasoma karatasi nyeupe na kuandika kama siku ile hakuna aliyekuja kazini. Chombo cha Geiger ni vile. Kila chembe ikipita inatoa mshtuko mdogo wa umeme, na nyuma yake chombo kinahitaji kitambo kidogo sana kupumzika. Chembe nyingine ikija mbele ya kitambo kile kuisha, mshtuko wake ni dhaifu, hauhesabiwi. Zikija bila kukoma, chombo hakipumziki hata mara moja, na kinaandika zero.

Kumbe fasi ya zero njo ilikuwa fasi ya mionzi mingi kupita zote. Mingi zaidi ya mara elfu kuliko walivyotazamia. Tarehe 1 Mei 1958, siku ambayo sisi wafanyakazi tunaiheshimu kwa sababu zingine, Van Allen alisimama mbele ya wanasayansi mu Washington na kulitangaza. Warusi walikuwa na chombo cha kuhesabu mu Sputnik 2 tangu Novemba 1957, lakini walipata hesabu tu ilipopita juu ya inchi yao, na pale ilikuwa chini. Bahati mbaya ya kusikiliza fasi moja tu.

Vile vitu viko namna gani, kule juu? Sumaku ya dunia inatoka inje, inaenea mbali, na chembe zenye umeme, elektroni na protoni, zikiingia mule zinashikwa. Haziwezi kwenda moja kwa moja. Zinazunguka sawa vile uzi wa visi, zikifuata njia ya sumaku kutoka kusini kwenda kaskazini. Zikikaribia ncha ya dunia, sumaku inakuwa na nguvu nyingi na kuzirudisha nyuma. Zinakwenda tena kusini, zinarudishwa tena. Mzunguko ule unachukua sekunde chache, ao chini ya sekunde. Na wakati huohuo zinahama polepole kuzunguka dunia nzima, elektroni kwenda mashariki, protoni kwenda magharibi. Mu Desemba 1958 chombo kingine, Pioneer 3, kilitumwa kwenda ku mwezi. Nguvu ikakosekana, kikarudi kutoka kilometre 102 000 hivi. Kushindwa kule kulimpa Van Allen zawadi: kikipanda na kikishuka kilikuta mionzi mara mbili mbili. Kwa hiyo mikanda ni miwili. Ule wa ndani una protoni zenye nguvu nyingi, na hautikisiki sana. Ule wa inje ni wa elektroni hasa, unaanza kilometre elfu kumi na zaidi juu yetu na kufika makumi ya maelfu, na huo hauna adabu: leo umejaa, kesho umepungua, kufuatana na jua.

Jua halitoi nuru peke yake. Linapuliza upepo wa chembe zenye umeme bila kukoma. Upande wa jua, upepo ule unasukuma sumaku ya dunia mpaka kilometre 60 000 hivi. Upande wa usiku unaivuta mkia mrefu unaopita hata fasi ya mwezi. Mu mkia ule chembe zinakusanyika, na jua likikasirika zinatupwa kuja upande wetu. Zingine zinashuka ku ncha za dunia na kuwasha ile nuru ya usiku. Zingine zinazunguka dunia sawa vile pete ya umeme, na pete ile ikiwa na nguvu, sumaku ya dunia inapungua kidogo hata huku chini, hata mu inchi za joto. Na si zote zinatoka ku jua. Wakati wa zoruba zile, oksijeni ya hewa yetu wenyewe inapanda kule juu na kujiunga nazo.

Waswahili wenzetu wako na sehemu mu habari hii. Tarehe 15 Novemba 1971 satelite Explorer 45, iliyotengenezwa kupima ile pete ya umeme, ilirushwa kutoka mu bahari ya Kenya, karibu na Ngomeni, upande wa Malindi, juu ya jukwaa la chuma la Waitaliani waliloliita San Marco. Karibu na mstari wa katikati ya dunia roketi inapata msaada wa mzunguko wa dunia, ni ile sababu walichagua pale.

Juu ya nini sisi sendika tunasimulia mambo haya? Juu sisi pia tulisomewa zero. Ilikuwa fasi moja ya kazi, si lazima kuitaja. Wafanyakazi walikuwa wameomba mawe yapimwe, juu yalikuwa na ile rangi ya manjano na kijani ambayo wazee wa hapa wanaijua. Mtu alikuja na chombo, akakipitisha juu ya mifuko mbele ya watu wote. Zero. Watu walipiga makofi, na sisi madelege tulipiga makofi pamoja nao, hilo tunalikubali. Tuliandika mu daftari kama hakuna hatari. Nyuma, kijana mmoja wa umeme aliomba kukitazama. Alifungua mgongo wake: pile zilikuwa zimekufa, zimetoa maji. Hatusemi mawe yale yaliweza kujaza chombo sawa vile kule juu. Ile ni mionzi ya namna nyingine kabisa kwa wingi, na chombo chetu kilinyamaza kwa sababu ya kijinga kuliko ya Van Allen. Lakini daftari letu na karatasi yake ya kwanza vilisema neno moja, na yeye hakupiga makofi.

Tangu siku ile tunaomba vitu viwili mbele ya kupima: kwanza chombo kionyeshwe kama kinasikia, kwa kukiweka karibu na kitu ambacho kinajulikana, pili hesabu iandikwe na nakala ibaki kwetu. Tena tunawaambia ba mama jambo ambalo chombo cha ku mlango hakiwezi kulisema. Mawe ya uraniumu yanatoa gesi inayoitwa radoni, na gesi ile inajikusanya mu mashimo yasiyo na hewa. Vumbi lake likiingia mu mapafu linaendelea kutoa mionzi mule ndani, fasi ambako hakuna mtu atapitisha chombo. Nguo za kazi za bwana zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya Prezida mu Januari 2004. Mu Julai ya mwaka uleule udongo ulianguka kule juu ya watu waliokuwa wanachimba, na kuko waliokufa. Amri ilikuwa ku mlango, watu walikuwa mu shimo. Kobalti ilikuwa na bei nzuri, na vumbi haliulizi nani ana ruhusa.

Turudi kwa Van Allen, juu kuko jambo moja ambalo hatumsifu. Mu Agosti na Septemba 1958, Marekani ililipusha mabomu matatu ya atome juu sana ya Atlantiki ya Kusini, kwa siri, kuona kama yanaweza kutengeneza mkanda mwingine wa elektroni. Explorer 4, yenye vyombo vyake, njo ilipima. Alijua, alishiriki, na alinyamaza mpaka siri ilipotoka mwaka uliofuata. Kwa sayansi ilikuwa kipimo kizuri: walitia chembe kwa saa inayojulikana na kuona namna zinavyokaa mule. Lakini watu wa dunia hawakuulizwa. Mwaka wa 1962, tarehe 9 Julai, walilipusha lingine kubwa zaidi juu ya Pasifiki, na lile lilijaza mikanda elektroni nyingi hata satelite kadhaa ziliharibika, pamoja na Telstar, ile ya kupeleka televisheni ng’ambo ya bahari, iliyopanda siku moja tu nyuma ya bomu. Van Allen alikuwa mtu mwema mu vitabu vyote. Ni sawa. Lakini mu habari ya siri za atome, mtu wa Likasi hawezi kusoma haraka haraka.

Nyuma ya hapo aliendelea miaka mingi. Vyombo vyake vilifika Venus mwaka wa 1962, Jupiter mwaka wa 1973 na Pioneer 10, Saturn mwaka wa 1979 na Pioneer 11. Kule Jupiter walikuta mikanda yenye nguvu kupita ya kwetu kwa mbali. Alifundisha mpaka 1985 akiwa mkubwa wa idara ileile ya Iowa, akikataa kuhamia miji mikubwa iliyomwita. Alisema wazi, na wengi walimkasirikia, kama kupeleka watu juu ni kupoteza pesa, na kama masini zinafanya kazi ile vizuri kwa bei ndogo. Mtu wa baluni na roketi ndogo hakubadilika.

Aliisha kustaafu na bado alikuja mu biro kila siku, mu jengo linaloitwa jina lake, ghorofa ya saba, akisoma hesabu za Pioneer 10, ambayo ishara yake ya mwisho ilisikika mu Januari 2003. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 9 Agosti 2006 mu Iowa City, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 91. Mwaka wa 2012 satelite mbili zilipelekwa kukaa ndani kabisa ya mikanda ile, na zikapewa jina lake. Mu siku za kwanza tu vyombo vyake viliona mkanda wa tatu ukitokea katikati ya ile miwili, ukakaa majuma machache, kisha zoruba moja kutoka ku jua ikaufuta.